Udongo Chini ya Kawa

Mtanda, Lindi
22 Julai 2001

Mwanangu Genoveva,

Kabla sijakuuliza hali, jua kwanza kwamba wote wanaosimulia habari ya ile karamu ya Sabasaba wanaisimulia vibaya. Jirani yetu Sipriani anasema nilimtupia Mzungu sahani. Fundi cherehani wa hapo sokoni anasema nilikuwa nimelewa. Na kwenye basi la kurudi kuna mama alinisimulia mie mwenyewe, bila kujua ndo mie, ati mzee mmoja wa Lindi kaanguka hotelini Kilwa Masoko baada ya kulishwa mdudu wa baharini. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza, "Sasa huyo mzee ikawaje?" Akasema, "Alikufa palepale." Nikampa pole.

Haya, hujambo? Mie sijambo, mwili una nguvu, ila goti la kushoto linajifanya ndilo lenye nyumba. Kuku wako mweupe anaatamia. Watu wa Mtanda wanakusalimu, hata wasiokujua, maana siku hizi nikipita njiani wananisimamisha. Naandika polepole lakini utasoma. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alisema hajapata kuona mwanafunzi kama mie, nami sikumuuliza ana maana gani.

Habari yenyewe ni hii, na ukisikia nyingine usiipokee. Wewe ulikuwepo, najua, lakini muda mwingi ulikuwa umejifunika uso, kwa hiyo hukuona.

Ulinitumia nauli ukaniandikia, "Baba, njoo Sabasaba. Mwenye hoteli ameruhusu tulete wageni. Utakula chakula ambacho hujawahi kukila, na baada ya kula nina jambo la kukuambia." Mie nikajiandaa. Asubuhi sikula, mchana sikula. Unanijua. Kule kwenye mashamba ya mkonge nilikuwa namaliza sufuria la watu wanne, mnyapara akaja kunishika mkono mbele ya wote. Nikasema leo huyu mwekezaji atajuta kwa nini alikuja Tanzania.

Tukakaa kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Wageni wengine walikuwa wa kutoka Dar na Ulaya, walioletwa na kile kindege kidogo. Ikaja sahani kubwa kama ungo. Katikati kuna kijiko, ndani ya kijiko povu. Nikangoja wamalize kukiosha. Ukaninong'oneza, "Baba, hicho ndicho chakula. Ni tui la nazi." Genoveva, tui mie nalijua toka sijaota meno. Lile nilipolitia kinywani lilitoweka, nikabaki nimeachama kama mtu aliyesahau jina la mwenzake.

Likaja jiwe la pwani. Juu ya jiwe kuna pweza, kakatwa mwembamba, hata ukimwinua unamuona mtu aliyekaa upande wa pili. Nilimuona Mwekezaji kupitia kwa huyo pweza, anachekacheka. Halafu likaja jani. Moja. Nikamuuliza aliyelileta, "Na mbuzi wake yuko wapi?" Ukanifinya pajani. Tumbo langu lilinguruma mpaka mama mmoja wa Kizungu akatazama dirishani kuona kama kuna wingu.

Hapo ndipo akatoka mpishi mwenyewe, kijana mrefu, kofia yake nyeupe nayo ndefu. Ukasema tu, "Baba, huyu ni Klementi. Ni Mmatumbi wa Kipatimu." Basi. Hukuongeza neno.

Mmatumbi. Sie Wamakonde na Wamatumbi tunataniana toka mababu. Yeye akinitukana mie nacheka, mie nikimnyang'anya yeye anashukuru. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akaniwekea sahani iliyofunikwa kwa kawa la kioo, ndani moshi mtupu. Akalifunua. Moshi ukatoka. Chini yake kulikuwa na udongo. Mweusi, wa tifutifu, kama umechotwa shambani asubuhi.

Kuna jambo hulijui. Siku tulipomzika mama yako wewe ulikuwa ndani na akina mama. Mie nilikuwa nje kwenye mkeka, toka asubuhi sijasema neno na mtu. Akaja Siti, yule ntani wangu Mmatumbi aliyekuwa anauza vitumbua kule chini, kabeba sahani na juu kaifunika kawa. Akapiga goti kwa adabu kabisa. "Kula, ntani wangu," akasema. "Mpishi wako kaondoka, kuanzia leo chakula chako ni hiki." Nikafunua, udongo wa kaburini. Nilicheka, Genoveva. Nilicheka mpaka padre akageuka. Na baada ya kucheka ndipo niliweza kunywa maji.

Sasa ona na huyu kijana wa watu kaja na kawa, kaja na udongo. Nikasema moyoni, huyu kalelewa na wazee. Basi nikamjibu inavyopasa. Nikashuka kwenye kiti, nikalala chali sakafuni, mikono kifuani. Nikasema, "Ntani kaniua. Sanda msinunue, hiki kitambaa cha meza kinatosha." Nikaangua kilio cha utani, machozi ya kweli, kamasi za kweli. Mie nikitaka kulia kwa utani sihitaji kitunguu. Halafu nikainuka, nikamvua ile kofia, nikaivaa. "Hii mpaka uikomboe kwa jogoo," nikamwambia. Wazungu wakasimama wakapiga makofi. Hilo Sipriani halisemi.

Ule udongo sikuuonja hata chembe, na atakayekwambia niliuonja ni mwongo.

Nikangoja anijibu. Ntani akinyang'anywa hujibu, hata kama kwa tusi. Yeye aliinamisha kichwa, mikono kaiweka nyuma, akarudi jikoni kinyumenyume. Nawe ukamfuata. Nikabaki mezani peke yangu na kofia kichwani, na wageni wananitazama kama nitaendelea.

Nilikwenda stendi nikala mihogo na pweza wa kuonekana. Asubuhi nikapanda basi. Nilishiba, lakini sikuridhika. Chakula hakikuwepo na ntani naye hakuwepo. Kofia ninayo hapa, nimeitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Mwambie huyo mpishi wenu bubu aje na jogoo. Na lile jambo lako hukuniambia. Liandike basi.

Ni mie baba yako,
Xaveri


Kilwa Masoko
9 Agosti 2001

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua. Ile dawa ya kuchua niliyokupa usimpe Sipriani, hana goti bovu, anapenda harufu tu. Mimi mwili ni mzima.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, kisha nikajichukia kwa kucheka. Kwa hiyo nitakujibu pole pole, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu kumsimulia.

Lile jambo nililotaka kukuambia lilikuwa limesimama mbele yako limevaa kofia.

Klementi ndiye anayetaka kunioa, baba. Nilitaka ule kwanza chakula chake, ushibe, ufurahi, kisha nikuambie ni nani aliyekupikia. Najua ilinipasa kukutajia mapema. Niliogopa ungekuja na maneno yako tayari.

Ule haukuwa udongo. Ni ufuta aliokaanga mpaka ukawa mweusi, akausaga pamoja na unga wa muhogo uliounguzwa. Ukifukua chini unakuta ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu. Mimi ndiye niliyemsimulia jinsi mama alivyokuwa anaivumbika ming'oko kwenye majivu ya moto na kukufichia huko, ili sisi tusiimalize kabla hujarudi kutoka mkongeni. Nilimwambia ulivyokuwa unaingia umechoka, unachukua kijiti, unafukua jikoni bila kuuliza, na mama anajifanya hakuoni. Tangu Pasaka Klementi alikuwa anajaribu kuipika. Alimwomba Mwekezaji usiku ule atoe chakula chake mwenyewe, mara moja tu, na sahani ya kwanza iende kwako.

Kuhusu yale makofi. Wageni walidhani wewe ni sehemu ya chakula. Walidhani ni mchezo uliopangwa: sahani inafunuliwa, mzee anakufa, mzee anafufuka. Mwekezaji alifurahi sana. Kesho yake alimwita Klementi akamwambia uletwe kila Jumamosi, utalipwa, utapewa na chumba. Klementi akamwambia, "Yule ni baba mkwe wangu, sio ngoma ya wageni." Baba, hata hujaletewa posa, yeye tayari anakuita hivyo. Mwekezaji akakasirika. Sasa Klementi anasugua masufuria, na mpishi aliyeletwa kutoka Dar ndiye anayefunua sahani.

Unasema ni bubu. Si bubu. Kwao Kipatimu ana watani wengi, na akianza utani nyumba nzima hailali. Lakini mbele yako alikuja kama mkwe. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mkwe hamtanii baba wa mke, hata kumtazama usoni hamtazami. Angekujibu, angekuwa amekataa ukwe mbele ya watu wote. Asingekujibu, amekataa utani. Akachagua kunyamaza, akarudi kinyumenyume, jinsi mtu anavyoondoka mbele ya mkwe wake. Hukuona hilo?

Sasa hajui aje Lindi kama nani. Wazee wake wamesikia kwamba Mmakonde alimvua kofia hadharani, nao wanasema hiyo ndiyo namna ya kumkataa mtu. Wameshamwambia, mwaka huu ukiisha bila neno la kueleweka kutoka kwako watamtafutia mke huko huko milimani. Yeye hataki. Lakini ni wazee wake, na ana heshima. Umeiona mwenyewe heshima yake.

Nijibu kama baba, nakuomba.

Tena haiandikwi ntani, baba. Ni mtani.

Ni mwanao,
Genoveva


Mtanda, Lindi
15 Agosti 2001

Mwanangu Genoveva,

Marahaba, na salamu za sikukuu ya Mama Maria. Leo kanisani wameimba vizuri, sauti yangu ilisikika mpaka nje. Hujambo lakini? Mie sijambo. Dawa ya goti Sipriani kaimaliza.

Barua nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Nilijua. Toka kijana anatoka jikoni nilijua huyu ana jambo na mwanangu, maana ulikuwa unakunja ile leso ya karatasi mpaka ikawa uzi. Mie halinipiti jambo. Nilinyamaza makusudi.

Sasa hili unalifanya gumu na ni jepesi. Kijana ni mkwe, sawa. Ni ntani pia, alizaliwa hivyo, sikumfanya mie. Kofia ya ntani ikishachukuliwa inakombolewa, haiombwi. Babu yangu alimnyang'anya Mmatumbi mmoja suruali njiani kwenda Liwale, na yule mtu akaenda akarudi na jogoo wawili, wakala pamoja, wakawa ndugu mpaka kufa. Kama aliyevuliwa suruali aliweza, aliyevuliwa kofia ashindwe na nini? Wazee wake nao wanajua hivyo, wanajitia kusahau. Waambie waje. Jogoo mmoja tu, na asiwe kifaranga.

Kofia siitoi. Fundi cherehani anataka kuiazima akapigie picha, nimemkatalia.

Hizo Jumamosi nazo, chumba kina kitanda cha namna gani? Nauliza tu.

Na ntani ni ntani. Mdomo wangu ulianza kusema kabla mkono haujajua kuandika, kwa hiyo mkono ndio unaofuata.

Ni mie baba yako,
Xaveri


Mtanda, Lindi
30 Septemba 2001

Mwanangu Genoveva,

Salamu. Hujambo? Nauliza, maana sijui. Konda wa basi la Masoko, anayetuletea barua, akiniona stendi siku hizi anatikisa kichwa kabla sijamfikia.

Mie mzima. Kuku wako aliangua, vifaranga wengine wamechukuliwa na mwewe, waliobaki wana afya.

Nakuandikia bila kungoja jibu. Ile habari ya karamu nimeendelea kuisimulia, si unanijua. Juzi niliisimulia pale kwa fundi cherehani, watu wamejaa. Nikafika pale ninapoivaa kofia, wakacheka kama kawaida. Halafu akauliza mmoja, mgeni tu, simjui, "Sasa huyo kijana alisemaje?" Nikamwambia hakusema kitu. Akauliza, "Kwa nini?" Nikafungua mdomo nimjibu kwamba ni bubu, nikakumbuka barua yako. Nikasema, "Alikuwa ananiheshimu." Hakucheka mtu. Nikachukua bakora yangu nikaondoka, habari nimeiacha pale pale katikati, na unajua mie sijapata kuacha habari katikati.

Usiku nilitazama ile kofia. Ilishaanza kuwa na vumbi, na mjusi kaifanya nyumba.

Sikukwambia kwamba Siti alifariki mwaka jana, kule kwao Kivinje. Nilikwenda kuzika, nikataka nimfanyie utani kama alionifanyia, nikabeba sahani na kila kitu. Wajukuu zake wakaniuliza, "Mzee, unatafuta nini?" Hawakujua. Nikarudi na sahani yangu. Watani wangu wanakwisha, Genoveva. Hapa Mtanda nikimtukana mtu siku hizi anakasirika. Ndo maana nilipouona ule udongo chini ya kawa, sikuuliza ni wa nani na umeletwa kwa nini. Mwenye njaa hachungulii chungu. Na njaa yenyewe haikuwa ya tumbo tu.

Basi. Kofia nimeifua kwa sabuni ya kipande, nikaianika kivulini isiwe ya manjano, nikaitia wanga wa muhogo. Imesimama vizuri kuliko siku niliyoivua. Nampa konda pamoja na barua hii, nimeifunga kwenye karatasi ya saruji, asiikalie.

Jogoo sitaki. Wewe unajua maana yake, na Klementi atajua. Ntani akirudisha kitu bila kukombolewa, utani umekwisha hapo. Mwambie simrudishii ntani kofia. Namrudishia mkwe wangu. Akija nitakaa kimya, nitajibu salamu, nitauliza habari za wazazi, kama mzee wa watu. Sijui nitawezaje lakini nitajitahidi.

Wazee wake nao waambie kwamba sikumkataa. Kama wanataka niliseme kwa mdomo wangu, nitapanda hiyo milima na goti hili hili.

Ni mie baba yako,
Xaveri


Kilwa Masoko
11 Novemba 2001

Baba yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako ya Agosti iliniumiza, nikasema nisipojibu nitaepuka kukuandikia maneno ya kukukosea. Ya Septemba niliisomea kwenye chumba cha mashuka, nimejifungia.

Sikujua habari ya sahani ya Siti. Miaka yote hii nilikuwa najua tu kwamba siku ya mazishi ya mama ulicheka. Tulikusikia kutoka ndani. Shangazi alisema, "Huyu mwanamume hana moyo," na mimi nikiwa mdogo nikalibeba neno hilo nikakua nalo. Usiku wa Sabasaba ulipolala pale sakafuni, neno lile lilirudi. Kumbe.

Kofia nilimpelekea Klementi nyuma ya jikoni, mikono yake ina masizi mpaka kwenye viwiko. Nikamsomea barua yako. Hakuigusa kofia mpaka alipokwenda kunawa. Akaigeuza, akainusa, akasema, "Ameitia wanga mwenyewe?" Nikamwambia hujapata kupiga hata shati lako pasi. Akakaa juu ya ndoo. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo sasa hana mtani hata mmoja?" Nikamwambia ndivyo ulivyoandika.

Jumapili iliyofuata akaomba ruhusa akaenda kwao Kipatimu. Amezungumza na wazee wake. Amewasomea yale maneno yako ya kupanda milima na goti bovu, baba yake akasema mtu wa namna hiyo asisumbuliwe, watashuka wao. Watakuja Krismasi, wazee watatu na mama yake mdogo. Hoteli nayo ataiacha mwezi ujao. Amepata chumba pale Nangurukuru, njia panda, mabasi yanaposimama. Anasema anataka kupika chakula ambacho mtu akikimaliza anajua kwamba amekula.

Kutoka huko milimani amerudi na mzigo, ndio huu aliokuletea konda. Amenikataza kuufungua. Nimeutikisa, mzito, haulii. Nimemuuliza ni nini, akasema hayanihusu, ni mambo ya watu wawili. Na ona alivyoandika juu yake kwa mkaa, kwa herufi zako wewe. Nilimwambia amekosea. Akasema hakukosea.

Ni mwanao,
Genoveva


Mtanda, Lindi
25 Novemba 2001

Mwanangu Genoveva,

Marahaba, marahaba. Mie sijambo kabisa, goti limesahau. Hujambo wewe? Na huyo wa masizi hajambo?

Mzigo umefika. Nilikuwa barazani na Sipriani. Nikasoma kile kilichoandikwa kwa mkaa: KWA NTANI. Nikamwambia Sipriani aende kwake. Hakwenda. Nikaukata uzi. Ndani kuna gazeti, ndani ya gazeti kuna kawa, la ukili, la kusukwa kwa mkono, la kizamani kama alilokuwa nalo mama yako. Chini ya kawa kuna sahani ya bati. Nikafunua.

Udongo. Mwekundu, wa milima ya Umatumbi, na mzizi wa bua bado umo. Sio ufuta huu, Genoveva. Nimeusugua kwa vidole, nimeunusa. Udongo wa Mungu. Na juu yake, katikati, kaweka jani. Moja.

Sikuweza kusimama. Sipriani alidhani ni habari ya msiba, akakimbilia maji. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikasema, ngoja, mwanaharamu huyu, ngoja aje. Kanijibu. Miezi hii yote kakaa na jibu lake kifuani, kangoja mpaka nilipomwachia utani wote chini, ndipo kauokota.

Nimeshafikiria itakavyokuwa. Akiwa na wazee wake, ndani ya nyumba, ni mkwe. Nitauliza habari za wazazi, sitacheka, nitavaa ile kanzu. Akitoka nje ya mlango tu, ni ntani, na kofia yake aishike kwa mikono miwili. Kizingiti kitatuamulia. Yeye kashanionyesha kwamba anajua kuvuka.

Jioni ile Sipriani aliposema ana njaa nikamkaribisha mezani, nikamwekea sahani imefunikwa. Kafunua, hatusemeshani toka juzi. Atarudi, ananidai chumvi.

Asubuhi yake niliuchota ule udongo mkono mmoja, nikaupeleka kwa mama yako. Nikaumwaga pale kichwani taratibu. Nikamwambia, Tekla, mkweo kaleta kitu kutoka kwao, karibu. Kawa nimelirudisha jikoni mahali lilipokuwaga lile lake.

Njooni Krismasi. Ming'oko nimeshamuagiza mtu wa Rondo, gunia, na majivu ninayo. Nitaivumbika mwenyewe. Mie kwa kuvumbika ming'oko hakuna wa kunishinda pwani hii, japo sijapata kujaribu.

Limebaki moja, nililiacha la mwisho. Kwenye ile barua ya kwanza nilikwambia ule udongo wa hotelini sikuuonja hata chembe, na atakayesema niliuonja ni mwongo. Hapo nilitia langu mwenyewe, habari ikae sawa. Nilipokuwa nashuka kwenye kiti nilijishika kwenye sahani na kidole kikazama. Nikiwa chali sakafuni, macho nimefumba, maiti kabisa, nikakilamba. Kilikuwa na majivu. Kilikuwa na ming'oko, kidogo mno, ya kuziba jino bovu. Kilio kilikuja baada ya hapo, mwanangu. Si kabla.

Mwambie siku nyingine apakue zaidi.

Ni mie baba yenu,
Xaveri